Moto Uleule, Maji Yaleyale

Nilipokuwa kidato cha pili, likizo ya Agosti niliipitisha Kamukunji katika kibanda cha mjomba wangu, ambako mama alinituma nikasaidie kazi na pia, nadhani, nisizurure mtaani. Anayeifahamu sehemu ile ya Nairobi anajua kwamba mtu huisikia kabla hajaiona: mamia ya nyundo zikigonga bati kwa wakati mmoja, kila moja kwa mwendo wake, mpaka sikio linashindwa kuzitenganisha. Mjomba hakuwa fundi wa masanduku wala wa sufuria kama wengi wa majirani zake. Alikuwa na fuawe iliyokatwa kutoka kipande cha reli, moto wa makaa uliopulizwa kwa feni ya kuzungushwa kwa mkono, na debe moja la maji, na kwa vifaa hivyo alifanya kazi za namna mbili. Asubuhi alifua tindo za wachonga mawe kutoka springi kuukuu za malori. Alasiri alifua bangili kutoka waya mnene wa shaba, na mama mmoja alizichukua kwa dazeni kwenda kuziuza Maasai Market.

Shaba ilikuwa na tabia yake. Kadiri mjomba alivyoipiga ndivyo ilivyokakamaa, mpaka nyundo ikawa inadunda juu yake bila kuibonyeza. Hapo aliirudisha motoni ikawa nyekundu iliyofifia, akaichovya majini, nayo ikatoka laini kiasi kwamba hata mimi niliweza kuikunja kwa vidole. Springi ilikuwa na tabia ya kinyume. Aliitia katika moto uleule, akaichovya katika debe lilelile, na ikatoka ngumu hata tupa ikawa inateleza juu yake kama juu ya kioo. Siku moja alinigeukia huku bado ameshika koleo.

"Mpwa wangu, wewe ndiye unayesoma kemia. Moto ni uleule, maji ni yaleyale. Huyu analainika, yule anakuwa mgumu. Kwa nini?"

Sikuwa na jibu, na kilichoniuma ni kwamba nilistahili kuwa nalo. Muhula uliokuwa umepita tulimaliza mada ya muundo na vifungo; nilikuwa nimejaza kurasa kwa michoro ya nukta na misalaba, nilijua kwamba sodiamu hutoa elektroni moja na klorini huipokea, na alama zangu zilikuwa nzuri. Shule ilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu wangu swali la mjomba kama lilivyo. Aliniambia kwamba jambo hilo halitahiniwi, akaendelea kufuta ubao. Leo mimi pia husimama mbele ya ubao na kufundisha mada ileile, na kila mwaka huingia darasani nikiwa na kipande cha waya wa shaba mfukoni. Ninachoandika hapa ni jibu ambalo ningefurahi kulipata wakati ule. Si fupi, kwa sababu haliwezi kueleweka kabla ya kujua kwanza atomu zinashikana vipi, na pili zimejipanga vipi, na mambo hayo mawili si jambo moja.

Nianze na chumvi, kwa kuwa ndiko darasa linakoanzia. Chukua punje moja ya chumvi ya mezani uitazame kwa kioo cha kukuza, na utaona mchemraba, wenye pembe zilizolika kidogo kwa kusuguana na wenzake katika pakiti. Ukipata chembe kubwa ya chumvi ya mawe na kuigonga kwa nyundo ndogo, itapasuka kwa nyuso bapa, na vipande vyake vitakuwa na pembe zilezile za mraba. Hakuna aliyeichonga. Ndani yake ayoni za sodiamu, yaani atomu zilizotoa elektroni zikabaki na chaji chanya, zinapokezana na ayoni za kloridi, atomu za klorini zilizopokea elektroni hizo zikawa na chaji hasi, juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma, na umbali kati ya ayoni na jirani yake ni kama 0.28 ya nanomita, yaani chini ya theluthi ya sehemu moja ya bilioni ya mita. Punje yenye ukingo wa milimita 0.3 ina ayoni zipatazo milioni moja kwenye kila ukingo, zote zimesimama katika safu zake.

Mpangilio huo unaojirudia pande zote nitauita kimia, kwa sababu ndivyo ulivyo wavu: fundo na uzi, fundo na uzi, na anayejua tundu moja anajua wavu mzima. Fuwele ni kitu chochote ambacho atomu zake zimepangwa kwa kimia cha namna hiyo. Tunaweza kusema hivi kwa uhakika kwa sababu mwaka 1912 Max von Laue na wenzake, nchini Ujerumani, walionyesha kwamba eksirei zikipita katika fuwele hutawanyika kwa mpangilio maalumu, na mwaka uliofuata William Henry Bragg na mwanawe Lawrence wakautumia mtawanyiko huo kuonyesha ilivyopangwa chumvi. Lawrence alikuwa na umri wa miaka 25 tu walipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915. Lakini walichokiona hakikuwafurahisha wote. Hakukuwa na jozi. Kila sodiamu ilizungukwa na kloridi sita kwa umbali uleule, na hakuna hata moja ambayo ingeweza kuitwa yake. Hadi mwaka 1927 Henry Armstrong, mkemia mzee wa Uingereza, alikuwa bado anaandika katika jarida la Nature kupinga wazo hilo, kwa kuwa lilikwenda kinyume na akili yake kwamba chumvi iwe kama ubao wa chesi wenye miraba ya rangi mbili bila molekuli ndani yake. Ninamheshimu kwa hilo. Wanafunzi wangu wengi wanapochora sodiamu moja na klorini moja zikishikana mikono, wanachora picha ileile aliyoitaka Armstrong, na ni sisi walimu tuliowafundisha kuichora.

Sasa fikiria kuisukuma safu moja ya kimia hicho iteleze juu ya safu iliyo chini yake kwa hatua moja tu. Chanya iliyokuwa juu ya hasi inajikuta juu ya chanya mwenzake, na hasi juu ya hasi. Zilizokuwa zikivutana zinafukuzana, tena katika safu nzima kwa mara moja, na fuwele inapasuka palepale kwenye mstari ulionyooka. Ndiyo maana chumvi haipindi. Magadi nayo, yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi kusini-magharibi mwa Nairobi na kuuzwa sokoni kwa mafungu madogo, yana sodiamu kama chumvi, lakini washirika wake ni kaboneti na bikaboneti pamoja na maji, na kwa kuwa washirika ni wengine, kimia ni kingine, na magadi hayavunjiki kwa michemraba.

Shaba nayo ni fuwele. Jambo hili huwashangaza wanafunzi wangu kuliko mengine yote, kwa kuwa kwao fuwele ni kitu cha kumeremeta chenye ncha, si kipande cha waya. Huwatoa nje ya darasa nikawaonyesha paa la stoo ya shule, lililoezekwa kwa mabati ya zamani. Kwenye bati la aina hiyo kuna maua, mabaka ya rangi ya fedha yanayofifia na kung'aa kwa zamu kadiri mtu anavyosogea, na kila mtoto wa Nairobi aliyelala chini ya bati lisilo na dari ameyatazama asubuhi kabla ya kuamka. Maua yale ni fuwele za zinki. Bati la chuma lilizamishwa katika zinki iliyoyeyuka, na lilipotolewa zinki ikaanza kuganda kutoka sehemu mbalimbali kwa wakati mmoja. Kila sehemu ilijenga kimia chake kuelekea nje mpaka kikagongana na kimia cha jirani ambacho kilikuwa kimeanza kwa pembe nyingine. Mpaka kati ya ua na ua ni mahali pa kugongana huko. Siku hizi mabati mengi ya zinki yana maua madogo sana au hayana kabisa, kwa kuwa kiasi cha risasi katika zinki, ambacho ndicho kilichoyakuza maua, kimepunguzwa. Fuwele za shaba na za chuma zimepakana vivyo hivyo, ila kwa kawaida hazionekani bila hadubini.

Tofauti kati ya shaba na chumvi, basi, haiko katika kuwa na kimia au kutokuwa nacho, bali katika gundi. Atomu ya shaba huziachia elektroni zake za nje zizunguke katika kipande kizima, zisiwe mali ya atomu yoyote, na atomu zote zinashikiliwa pamoja na elektroni hizo za shirika. Safu moja ikiteleza juu ya nyingine, hakuna chanya inayokutana uso kwa uso na chanya isiyoitaka. Baada ya hatua moja kila atomu ina majirani wapya, na gundi ni ileile. Elektroni hizohizo ndizo zinazobeba umeme, na ndizo zinazobeba joto la moto hadi kwenye ukingo wa sufuria ya alumini ukaunguza mkono. Katika jiko la makaa la mjini, lile lenye kiuno cha bati na tumbo la udongo lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, gundi za aina mbili zinafanya kazi katika chombo kimoja. Udongo uliochomwa umeshikana kwa vifungo ambavyo haviachii elektroni zitembee, kwa hiyo unazuia joto la makaa lisipotee upande, lakini jiko likianguka huo ndio unaopasuka. Bati la nje linabonyea tu, na fundi hulinyoosha kwa mapigo matatu.

Hadi hapa nimeeleza kwa nini shaba inaweza kupinda. Bado sijaeleza kwa nini inapinda kwa urahisi, na ni hapa ambapo jambo lenyewe linakuwa zito, na zuri. Mwaka 1926 Yakov Frenkel, mwanafizikia wa Kisovieti, alikokotoa nguvu inayohitajika ili safu nzima ya atomu iteleze juu ya nyingine kwa pamoja. Jibu lilikuwa kubwa mno: metali halisi, hasa fuwele moja safi, hukubali kupinda kwa nguvu ndogo kuliko hiyo mara mamia, hata mara maelfu. Kwa hesabu ile, mimi nisingeweza kamwe kuikunja bangili ya mjomba kwa vidole.

Mtoto aliyekulia hapa amemwona jongoo akivuka njia wakati wa masika. Jongoo hainui miguu yake yote kwa pamoja. Anainua michache, wimbi linapita mwilini mwake, na wimbi linapofika mwisho, jongoo mzima amesogea. Mwaka 1934 watu watatu, Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba fuwele ya metali husogea hivyohivyo. Ndani ya kimia mna mahali ambapo safu moja ya ziada imeingia na kukomea katikati, na kwenye ukingo wake atomu zimekaa vibaya, kama kiungo cha mwili kilichotoka mahali pake. Nitaiita kasoro hiyo mteguko. Mteguko ukisukumwa unahama kutoka safu hadi safu. Kila hatua ni vifungo vichache tu vinavyoachiana na kushikana upya, na ukishatoka upande wa pili, sehemu nzima ya juu imesogea hatua moja. Ulikuwa ujuzi wa karatasi kwa miaka 22. Mwaka 1956, huko Cambridge, Peter Hirsch, Robert Horne na Michael Whelan waliipitishia karatasi nyembamba ya alumini miale ya hadubini ya elektroni, wakaiona miteguko yenyewe ikitembea. Alumini, metali ya sufuria zetu.

Nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ubora wa fuwele ni ukamilifu wake, kumbe metali inafulika kwa sababu ina kasoro, na kasoro hizo zina mwendo.

Nusu ya swali la mjomba inajibika hapa. Pigo la nyundo haliisukumi tu miteguko iliyopo, linazalisha mingine mingi. Katika sentimita moja ya ujazo ya shaba iliyolainishwa vizuri, miteguko yote ikiunganishwa ncha kwa ncha ina urefu wa makumi au mamia ya kilomita. Katika shaba iliyopigwa sana inafika kilomita milioni moja hivi, ambazo ni zaidi ya safari ya kwenda mwezini na kurudi. Miteguko mingi namna hiyo haiwezi kupishana. Inafungana kama mikokoteni katika kichochoro cha soko la mitumba la Gikomba siku ya kufunguliwa marobota: mmoja ukikwama, wa nyuma unakwama, na hata msukumaji mwenye nguvu hana pa kwenda. Hiyo ndiyo shaba iliyokakamaa. Moto hauiyeyushi. Unazipa atomu mtikisiko wa kutosha kujipanga upya; fuwele mpya zinaanza kuota ndani ya ile iliyovurugika, safi, zenye miteguko michache, na zinaendelea kukua mpaka zimeimeza yote. Na maji? Katika kazi ya shaba maji hayafanyi chochote isipokuwa kuipoza haraka ili ishikike na kubandua ule utando mweusi. Nimejaribu mara nyingi darasani: waya ulioachwa upoe wenyewe mezani ni laini sawa na ule uliochovywa. Kimia cha shaba ni kimoja tangu baridi ya debe hadi inapoyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, kwa hiyo haijalishi imefika chini kwa kasi gani.

Chuma hakiko hivyo.

Mfano wa almasi na grafiti umo katika kila kitabu cha kidato cha pili, nami nitaupita haraka. Zote mbili ni kaboni tupu. Katika almasi kila atomu imeshikwa na wenzake wanne kwa vifungo vigumu kila upande, na katika grafiti ya penseli atomu zimeshikana imara ndani ya tabaka lakini tabaka na tabaka zimeshikana kwa ulegevu, ndiyo maana zinateleza na kubaki kwenye karatasi. Kinachonisikitisha ni kwamba mfano huu huachwa kama kituko cha kaboni. Chuma nacho kina vimia viwili, tena si kwamba kimoja kiko migodini na kingine katika penseli. Kipande kilekile hubadilisha kimoja kwa kingine kila siku mbele ya macho ya mhunzi. Chini ya nyuzi 912, kila atomu ya chuma safi iko katikati ya mchemraba na majirani wanane kwenye pembe. Juu ya hapo kimia kinajipanga upya na kila atomu inakuwa na majirani 12. Kimia cha moto kimebanana zaidi, lakini nafasi zilizomo kati ya atomu zake, ingawa ni chache kwa idadi, ni kubwa zaidi, na katika nafasi hizo atomu ndogo za kaboni zinaweza kuingia. Chuma cha moto kinaweza kuyeyusha ndani yake kaboni kufikia asilimia 2 hivi ya uzito wake. Cha baridi hakifiki hata sehemu tatu za mia za asilimia moja.

Springi ya lori ni feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo ndani yake, hapa nusu asilimia na ushei. Ikiwa nyekundu motoni, kaboni yote imo katika nafasi kubwa za kimia cha moto na imetulia. Ukiiacha ipoe taratibu katika majivu, kimia kinarudi kuwa kile cha baridi, kaboni inakosa nafasi, na inatoka pole pole na kuungana na chuma katika matabaka membamba. Kipande kinatoka kikiwa na ugumu wa wastani, kinachokubali tupa. Ukiichovya majini, kaboni haipati muda wa kutoka. Kimia kinabadilika kwa ghafla na kuinasia ndani, na kwa kuwa haitoshi mle, kinavutika upande mmoja na mchemraba unakuwa mrefu kuliko upana wake. Umbo hilo lilipewa jina la Adolf Martens, Mjerumani aliyezichunguza feleji kwa hadubini katika karne ya 19: martensaiti. Ndani ya kimia kilichovutika namna ile miteguko karibu haina njia. Kitu kisichoweza kupinda kinakuwa kigumu sana, na kikishindwa kustahimili hakina namna nyingine ila kuvunjika, kama chumvi, ingawa gundi yake bado ni ile ya metali.

Nililijua hilo kwa mikono kabla ya kulijua kwa akili. Katika wiki ya tatu mjomba aliniachia kibanda akaenda kutafuta makaa, nami nikaamua kumfulia tindo. Niliipasha moto mpaka ikawa ya manjano inayokaribia weupe, kwa kuwa nilidhani moto mwingi ni kazi nzuri, nikaizamisha nzima katika debe. Ilitoka ngumu, tupa ikateleza, nikaiweka pamoja na zake. Mchonga mawe aliyeinunua aliirudisha siku ileile ikiwa vipande viwili. Pigo la kwanza lilikuwa limeivunja na kipande kikampita karibu na jicho. Mjomba alimpa nyingine, akamwomba radhi kwa niaba yangu, kisha akanisogeza kwenye mwanga na kunionyesha mahali palipovunjika. Pale pangekuwa na rangi ya kijivu iliyotulia, laini kama kitambaa cha hariri. Palikuwa na chembe kubwa zinazometameta.

"Imekuwa sukari," alisema. "Umeipika kupita kiasi, halafu hukuirudisha."

Makosa mawili, na yote mawili ni ya kimia. Moto uliopita kiasi uliziacha fuwele zimezane na kukua mpaka zikawa kubwa, na ufa unaopita kati ya fuwele kubwa haukutani na mipaka mingi ya kuusumbua. Kuhusu kuirudisha, alinionyesha asubuhi iliyofuata, na sijawahi kuona somo la kemia lililo bora zaidi. Kwanza alitoa sumaku ya spika ya redio iliyoharibika, akaining'iniza kwa waya, na kila baada ya muda aliigusisha kwenye ncha ya tindo iliyokuwa motoni. Ilinata, ikanata, kisha ikaacha kunata. "Sumaku ikiikataa, iko tayari. Usiongeze." Chuma kilichokwisha kubadili kimia hakishikwi na sumaku, mjomba alikuwa akiuona mpito wa fuwele kwa kifaa cha bure. Kisha alichovya ncha peke yake, upana wa vidole viwili, akaitoa ilhali shina bado ni jekundu, akaisugua upesi kwa kipande cha jiwe mpaka ikang'aa, akangoja. Joto la shina likaanza kurudi kuelekea nchani, na rangi zikatembea mbele yake juu ya chuma cheupe: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, na nyuma yake buluu. Zambarau ilipofika ukingoni alizamisha tindo yote.

Rangi zile si rangi za chuma. Ni utando wa oksidi, mwembamba kama ule wa mafuta juu ya dimbwi la barabarani, na kila unene wa utando hurudisha rangi yake ya nuru. Njano huja kwenye nyuzi 230 hivi, zambarau karibu na 280, na buluu iliyokolea karibu na 300, ingawa muda nao una sehemu yake. Kwa joto hilo kaboni iliyonaswa inapata nafasi ya kusogea hatua chache, inatoka kidogo na kujikusanya katika chembe ndogo sana, na kimia kinapumua. Tindo inapoteza ugumu kidogo na kupata kitu chenye thamani zaidi, uwezo wa kupokea pigo bila kuvunjika. Mjomba alikuwa akisimamisha mwendo wa atomu za kaboni katikati ya safari kwa kuangalia rangi, na hakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba atomu zipo.

Nilipompelekea jibu hatimaye, nikiwa tayari mwalimu, nilimweleza kwa maneno machache: shaba ina kimia kimoja, chuma kina viwili, na maji yanakifungia chuma katikati ya kubadilika. Alinyamaza kidogo, akauliza kama ndiyo sababu springi nyembamba hupasuka majini na mafuta kuukuu ya injini yanaifaa zaidi. Ndiyo sababu: mafuta hupoza pole pole kuliko maji, na kwa springi nyingi kasi hiyo inatosha kuinasa kaboni bila nje na ndani ya springi kupoa kwa kasi zinazotofautiana mno. Alikuwa amelifikia jambo hilo kabla sijalimaliza.

Mwaka jana karibu na shule yetu walikuwa wanajenga ghorofa, na nilimwomba msimamizi vipande vya nondo vilivyokatwa. Wanafunzi walikisugua kimoja kwa msasa, kutoka ule wa mchanga mkubwa hadi ule laini kabisa, mpaka uso uliokatwa ukawa kama kioo, kisha tukadondoshea asidi ya nitriki iliyozimuliwa sana. Baada ya muda mfupi duara jeusi likajitokeza pembeni kote, na katikati pakabaki rangi ya kijivu iliyofifia. Nondo za aina hii, zikitoka kwenye rola za kiwanda zikiwa nyekundu, hupitishwa katika maji mengi kwa muda mfupi mno. Ngozi inakuwa martensaiti, lakini kiini bado ni moto, na joto lake linarudi nje na kuilainisha ngozi kwa kiasi, huku kiini chenyewe kikipoa taratibu na kubaki kinachopinda. Jengo linahitaji vyote viwili, ngozi inayokataa na kiini kinachokubali.

Nilikibeba kipande kile Jumamosi hadi Kamukunji. Mjomba hafui tena, mikono imechoka, lakini huketi mbele ya kibanda ambacho sasa ni cha mwanawe. Alikizungusha juani, akapitisha kidole gumba kwenye duara, akaniuliza kama wanachovya ncha kwanza. Nikamwambia wanachovya ngozi, na joto linarudi kutoka ndani badala ya kutoka kwenye shina. Akaitisha tupa. Aliipitisha kwanza katikati, ikauma vizuri, kisha akaisogeza taratibu kuelekea pembeni, na ilipofika kwenye duara mlio wake ukawa mwembamba, naye akairudia mara tatu ili nami niusikie.